Muulize Bibi Mkaguzi: “Wanakuja Jumatano, tuwaoneshe nini?”

Tangu vizimba vya kufugia samaki ziwani vianze kutolewa kwa mkopo huku Kanda ya Ziwa, barua zinazonijia zimebadilika. Zamani niliulizwa vifaranga bora wako wapi na chakula kipi kinanenepesha haraka. Siku hizi naulizwa vibali, ukaguzi, na nani wa kuogopwa. Mimi nilikuwa afisa uvuvi hadi nilipostaafu, kwa hiyo nimewahi kuwa huyo wa kuogopwa. Leo najibu bila kofia ya serikali. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Shikamoo Bibi Mkaguzi. Sisi ni kikundi cha vijana hapa Buchosa, tuna vizimba vinne vya sato. Tumepigiwa simu kwamba Jumatano wanakuja wakaguzi, afisa uvuvi wa halmashauri pamoja na watu wa bodi ya maji ya bonde. Mwenyekiti amenunua daftari jipya, anasema tulijaze tarehe zote za nyuma, tupake rangi maboya na tuandae soda. Mimi ni katibu na roho yangu haijatulia. Hasa wanaangalia nini?
*Katibu, Buchosa*

Marahaba mwanangu. Wewe nilikujibu kwa simu kwa sababu Jumatano isingesubiri gazeti. Hapa nawaandikia wenzako ambao zamu yao inakuja.

Soda ziandaeni, jua la ziwani halina huruma. Maboya pia yapakeni rangi, maana boya lisiloonekana usiku ni mtumbwi wa mtu kuzama. Lile daftari jipya ndilo mwenyekiti alirudishe dukani.

Makaratasi yenyewe hayachukui muda. Mkaguzi ataomba leseni ya ukuzaji viumbe maji, cheti cha mazingira cha NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, na kibali cha maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Ataangalia jina lililoandikwa na tarehe ya mwisho, basi. Kazi inaanza mnapopanda mtumbwi. Kwanza atafungua GPS ya simu yake mkiwa juu ya vizimba na kulinganisha na namba za eneo zilizo kwenye kibali. Hapa vikundi vingi vinaumbuka. Kibali kinasema maji marefu, kule ambako uchafu unasombwa na mkondo. Vizimba vyenyewe vimesogezwa karibu na ufuko, kwa sababu ya wezi, au kwa sababu kijana wa zamu hataki kupiga kasia usiku. Naelewa sababu zote mbili. Lakini kizimba kilicho kwenye maji mafupi kinaweka kinyesi na chakula kilichobaki hapohapo chini ya tumbo la samaki, na tathmini ya mazingira mliyolipia haikufanywa kwa sehemu hiyo. Kama mmehama, andikeni barua ya kueleza kabla hawajafika. Kuhama kwenye barua kunajadilika. Kuhama kulikogunduliwa kunaandikwa kwenye ripoti.

Sasa daftari. Daftari la kweli la kizimba lina madoa ya maji, lina kurasa zilizojikunja, lina kalamu ya bluu leo na nyeusi kesho, mwandiko wa Jumatatu tofauti na wa Jumanne kwa sababu zamu zimebadilishana. La kupika linang'aa. Nimewahi kushika daftari ambalo joto la maji lilikuwa nyuzi 27 kamili asubuhi na jioni msimu mzima, samaki waliokufa sifuri kila siku, na katikati ya ukurasa safi kabisa kulikuwa na vipimo vya tarehe 31 Juni. Yule bwana alinitazama, nikamtazama, tukanyamaza wote wawili.

Hata bila tarehe ya ajabu kama hiyo, kuna mambo mawili yanayofichua daftari la kupika, nami nayasema wazi kwa sababu ukiyajua utaona ni rahisi zaidi kuandika ukweli.

La kwanza ni chakula. Mkaguzi mzoefu hakuulizi samaki wako wana uzito gani. Anaomba risiti za chakula, anahesabu mifuko, halafu anaomba rekodi za mauzo. Tuseme umenunua mifuko 150 ya kilo 20. Hizo ni kilo 3,000. Kwa chakula kizuri cha kuelea, sato wa kizimbani anahitaji takriban kilo moja na nusu ya chakula ili aongezeke kilo moja, akizidi anafika karibu kilo mbili. Kwa hiyo tunategemea tani mbili za samaki, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kama mauzo yako yanaonesha tani nne, hapo nitauliza: hizo mbili zimetoka wapi? Ama una chakula ambacho hukukiandika, na mimi nataka kujua ni cha nani na kina nini ndani, ama unanunua sato wachanga wa ziwani usiku na kuwauza mchana kwa jina la kizimba. Hili la pili lipo, na wanaolifanya wanajijua. Na kama kwa chakula kilekile umevuna tani moja tu, swali linageuka: samaki walikufa na hamkuandika, waliibwa na hamkuandika, au chakula kinazama ziwani bila kuliwa na ziwa linageuka kijani kwa gharama zenu. Hesabu hii haihitaji maabara, inahitaji risiti. Zitunzeni kwenye mfuko wa plastiki, ziwe zote, hata ile ya mfuko mmoja mlioununua kwa dharura.

La pili ni oksijeni, na hapa nitakaa kidogo.

Oksijeni ndani ya maji hushuka usiku kucha. Mwani hautengenezi oksijeni bila jua, lakini unapumua, na samaki wanapumua, na uchafu unaooza unakula iliyobaki. Kiwango cha chini kabisa hufikiwa kabla tu ya mapambazuko. Kwa hiyo kipimo chenye maana ni cha saa 11 alfajiri, kuanzia juu ya maji, katikati, hadi kitako cha kizimba. Madaftari mengi ninayoletewa yana vipimo vya saa 4 asubuhi, kwa kuwa ndio muda ambao mwenye mita ya kupimia oksijeni ameshakunywa chai. Saa 4 kila ziwa linapendeza. Sato anataka walau miligramu 5 kwa lita ili ale na kukua vizuri. Ikishuka chini ya 3 anaacha kula na kinga yake inalegea. Ukiona alfajiri namba zinashuka wiki baada ya wiki, mna samaki wengi kupita kiasi, au mnalisha kupita kiasi, au vyote viwili, na mnapunguza kabla ziwa halijawapunguzia.

Na mita yenyewe ya oksijeni irekebishwe. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo, maji ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni yanabeba kama miligramu 7.2 kwa lita. Mchana wa jua kali mwani unaweza kuivusha hapo. Alfajiri hauwezi. Nikikuta daftari limeandikwa 8.4 saa 11 alfajiri, najua mambo mawili tu yanawezekana: mita haijawahi kurekebishwa tangu itoke kwenye boksi, au aliyeandika alikuwa amelala kwake. Mita inarekebishwa kwa kufuata karatasi iliyokuja nayo, na tarehe ya kuirekebisha nayo inaandikwa daftarini. Karibu hakuna kikundi kinachoiandika hiyo.

Kwa hiyo katibu, mkaguzi akifika mpe daftari la zamani lenye mapengo yake. Siku ambayo hamkupima, pawe wazi. Ukiulizwa, sema: siku hiyo betri ilikufa, au kulikuwa na msiba. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inampa afisa aliyeidhinishwa mamlaka ya kuingia na kukagua, nawe una haki ya kuona kitambulisho chake kabla hajapanda mtumbwi wako na kudai maoni yake yaandikwe, upate nakala. Mkaguzi anayetoa maagizo kwa mdomo tu, halafu anapiga simu usiku kuulizia “kile kitu”, huyo hakuja kukagua.

Shikamoo mama. Ninanunua sato wa mabwawa na vizimba nawapeleka Dodoma. Safari iliyopita tulisimamishwa kwenye kizuizi, samaki wangu walipimwa kwa rula wakawa sentimita 20 na 22, nikaambiwa ni wachanga, nimevunja sheria. Nilieleza ni wa kufugwa, hakuna aliyenisikiliza. Mzigo wote ulikwenda. Nina kosa gani?
*Mama wa sato, Musoma*

Marahaba mwanangu, pole sana. Kosa ni karatasi.

Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza kuvua sato wa Ziwa Victoria aliye chini ya sentimita 25. Lengo ni kumwacha azae kabla ya kufika sokoni. Sato wa bwawani hana habari hizo. Mfugaji anamvuna anapofika gramu 200 au 250 kwa sababu Dodoma sahani moja inataka samaki mmoja mzima, na kumlisha zaidi ya hapo ni hasara. Lakini jiweke kwenye viatu vya yule kijana wa kizuizini saa 8 usiku, ana tochi na rula mbele ya matenga yenye barafu. Samaki hajaandikwa mgongoni alikozaliwa. Na wiki hiyohiyo pengine ameshapitiwa na magari yenye sato wachanga wa makokoro, zile nyavu za kuburuta, na kila dereva aliapa kwa jina la mama yake kwamba ni wa kufugwa.

Dalili zipo. Wa kufugwa wanalingana kama waliokatwa na mashine moja, na ukipasua tumbo unakuta mafuta meupe yamezunguka utumbo, kwa sababu huyo ameshinda analishwa. Wa kokoro wanachanganyika wakubwa kwa wadogo, matumbo membamba. Ila dalili hazimlazimishi ofisa kukuachia. Kinachomlazimisha ni mnyororo wa karatasi: hati ya mauzo ya mfugaji yenye namba ya leseni yake, tarehe ya kuvuna, bwawa au kizimba namba ngapi, kilo ngapi, halafu kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa uvuvi wa kule mzigo ulikoanzia, kilo zilezile. Kilo zisipolingana ndipo maneno yanapoanza. Ukinunua kwa wafugaji watatu, beba hati tatu, na usiwachanganye samaki kwenye tenga moja.

Na mwambie mfugaji wako kwamba mfanyabiashara mwenye akili hanunui kwa mtu asiyeandika. Ninyi wanunuzi mkikataa, daftari litajazwa haraka kuliko sisi tulivyowahi kulijaza kwa kutisha watu.

Dada mkaguzi, salaam. Mimi ni mzee mwenzio, nina mabwawa mawili ya kuchimba kwa jembe bondeni, Karagwe. Maji nayachepusha kwenye kijito. Kijana mmoja wa ofisini ananiambia nahitaji vibali kama kiwanda. Kwa mabwawa mawili?
*Mzee wa bondeni, Karagwe*

Kaka, salaam. Kijana yuko sahihi nusu.

Vibali vya kiwanda huvihitaji. Miradi inapangwa madaraja na NEMC kulingana na ukubwa na mahali ilipo. Unausajili mradi wako, wao wanakuambia uko daraja gani, na mabwawa mawili ya jembe hayalinganishwi na shamba la vizimba mia. Lakini kuna mawili ambayo udogo hauyaondoi. Ukichepusha kijito, unatumia maji ya watu wa chini yako, na hilo ni suala la kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. La pili ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu. Pima kwa kamba kabla ya kuchimba bwawa la tatu, maana hilo la tatu ndilo ninaloliona linakuja.

Weka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji ili perege wako wasiende kuoana na wa kijitoni, na maji machafu yaelekeze migombani badala ya kuyarudisha mtoni. Ndizi zitakushukuru na jirani hatakushitaki.

Hujambo Bibi? Mimi ni msomaji wako wa Usenge, Siaya. Novemba 2022 vizimba vyetu vilikufa kwa usiku mmoja, samaki wakaelea weupe hadi ufuoni. Wengine walisema ni sumu ya kiwanda, wengine wakasema laana, wataalamu wakasema oksijeni. Tangu hapo kila samaki akifa watu wanasema “ni oksijeni” na wanamtupa. Ni sawa? Na huku Kenya tunapaswa kumwambia nani?
*Mfugaji, Usenge*

Sijambo mwanangu. Nakumbuka picha zile, na najua ninyi Siaya mlikuwa na vizimba vingi kuliko kaunti nyingine zote za ziwa.

Wataalamu walikuwa na hoja. Maji ya chini ya ziwa hukaa muda mrefu bila kuchanganyika na ya juu, oksijeni yake ikaliwa na vinavyooza. Upepo mkali ukiyageuza, yale ya chini yanapanda na samaki wa porini wanakimbia. Wa kizimbani hawana pa kukimbilia. Mwaka 2021 sangara wengi walielea upande wa Uganda, na hao hawakuwa hata kizimbani. Kwa hiyo kizimba peke yake si mkosaji, ila vizimba vilivyobanana kwenye ghuba isiyo na mkondo vinafupisha safari ya kufikia maafa.

Usikubali hata hivyo kwamba kila kifo ni oksijeni. Oksijeni inaua kwa mkupuo, alfajiri, wakubwa kwanza, na kabla ya kufa unawaona wakihema juu ya maji midomo wazi. Ugonjwa unaua kidogo kidogo: leo wanane, kesho ishirini, keshokutwa hamsini, wenye vidonda, macho yaliyotoka, ngozi iliyogeuka nyeusi. Wakifa vifaranga wiki chache tu baada ya kuletwa kutoka kituo cha vifaranga, mimi nawaza kwanza virusi vya sato vinavyojulikana kama TiLV. Mwaka 2018 watafiti waliripoti kuvikuta kwenye sato wa Ziwa Victoria, wa kufugwa na wa porini. Anayetupa wafu hao majini anamgawia jirani.

Huko kwenu pa kuripoti ni ofisa wa uvuvi wa kaunti na Huduma ya Uvuvi ya Kenya, na wanaopima ni KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, walioko Kisumu. Upande wetu Tanzania ni afisa uvuvi wa halmashauri na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Sampuli isiwe samaki aliyeoza. Chukua anayekaribia kufa, watano au sita, waweke kwenye barafu bila kuwagandisha, wafike siku hiyohiyo. Pamoja nao peleka karatasi: idadi ya waliokufa kila siku kwa wiki mbili, oksijeni na joto, vifaranga walitoka wapi na lini. Maabara ikipewa samaki bila karatasi inabaki kukisia.

Wafu wafukiwe shimoni mbali na maji, kina cha kutosha mbwa asifukue, na chokaa juu yake. Wengine wanawauza kwa wakaanga samaki wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Nimewaona, na siwezi kulisema hilo kwa upole.

Shkamoo bibi. Sato wangu wana vidonda mgongoni. Jirani kaniambia niwape dawa ya kuku ile ya unga wa njano, nichanganye na chakula. Kiasi gani? Navuna wiki ijayo.
*Ujumbe wa simu, Igombe*

Marahaba. Kiasi ni sifuri.

Unga huo wa njano mara nyingi ni oksitetrasaiklini. Inatumika kwa samaki katika nchi nyingi, ila kwa maelekezo ya daktari wa mifugo aliyejua kwanza kwamba ugonjwa ni wa bakteria, na kwa muda maalumu wa kusubiri kabla ya kuvuna. Huko Ulaya, kwa dawa isiyosajiliwa kwa samaki, walitumia kwa miaka mingi kipimo cha nyuzi-siku 500: unazidisha joto la maji kwa siku. Kwa maji yetu ya nyuzi 25 hizo ni siku 20 tangu dozi ya mwisho. Wewe unavuna wiki ijayo. Dawa yote hiyo itaishia kwenye sahani ya mtu.

Kuna dawa ambazo hata ukisubiri mwaka hazifai kwa samaki wa kuliwa: kloramfenikoli, nitrofurani, na ile rangi ya kijani ya malakaiti inayouzwa kwa samaki wa mapambo. Maabara ya ubora wa samaki pale Nyegezi ipo kwa ajili ya mambo ya namna hii, na historia yetu inatufundisha bei yake. Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa ziwa hili baada ya habari za watu kuvua kwa sumu za wadudu. Waliotia sumu walikuwa wachache. Waliokosa kazi kwenye viwanda vya minofu hawakuwa wachache, na wengi wao hawakuwahi hata kupanda mtumbwi.

Ahirisha kuvuna, punguza chakula, toa wenye vidonda, safisha nyavu maana nyavu chafu zinachubua, na mpigie afisa leo. Jirani mwambie akae na kuku wake.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mjumbe wa BMU, kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi, kwenye mwalo mmoja Ukerewe, usitaje upi. Karibu yetu kuna shamba kubwa la vizimba la mwekezaji. Usiku wanatoa samaki waliokufa kwa boti na kuwamwaga nyuma ya kisiwa. Tumewaona zaidi ya mara moja. Shida ni kwamba kaka yangu ni mlinzi hapo, na shamba hilo limetujengea choo cha mwalo. Wenzangu wanasema tunyamaze. Nifanyeje?
*Mjumbe wa BMU, Ukerewe*

Marahaba. Mwalo sitautaja.

Choo cha mwalo ni kitu kizuri, na mwekezaji asifiwe kwa hicho. Hakimpi ruhusa ya kumwaga. Mashamba makubwa yamepewa cheti cha mazingira chenye masharti, na humo kuna mpango wa kushughulikia mizoga na wajibu wa kujikagua na kuwasilisha ripoti. Ripoti hizo zinaandikwa na shamba lenyewe. Ni utaratibu wa kawaida duniani kote na una udhaifu unaouona wewe usiku: anayejaza fomu ndiye anayemwaga. Afisa wa halmashauri ana wilaya nzima na boti moja, tena mara nyingine haina mafuta. Kwa hiyo macho ya BMU si nyongeza kwenye ufuatiliaji wa ziwa hili. Kwa usiku mwingi, ndiyo ufuatiliaji wenyewe.

Msianze kwa kuwavamia. Anzeni kwa kuandika. Kila mnapoona boti: tarehe, saa, ilitoka wapi, ilikwenda wapi, imebeba nini, walioshuhudia ni nani. Asubuhi nendeni nyuma ya kisiwa mkapige picha zenye tarehe na eneo, na kitu pembeni cha kuonesha ukubwa, hata kasia. Samaki wa kufugwa wanaoelea wakiwa saizi moja wote, mamia kwa pamoja, wanajieleza. Msijaze chupa za maji wenyewe mkadhani mmepata ushahidi wa kesi. Sampuli inachukuliwa na watu wa Bodi ya Bonde au NEMC, kwenye chupa zao, kwa lakiri yao, ifike maabara ikiwa baridi. Kazi yenu ni kuwaonesha mahali na siku ya kuja, na siku hiyo isijulikane mwaloni.

Kabla ya barua kwenda juu, mimi ningempa meneja wa shamba nafasi moja, mbele ya mtendaji wa kijiji, kikao kiandikwe muhtasari. Wapo mameneja ambao kweli hawajui vijana wa zamu wanafanya nini saa 9 usiku. Wapo wanaojua vizuri sana, na hao mtawatambua kwa jinsi watakavyoanza kuzungumzia choo.

Kama usiku unaofuata boti inatoka tena, barua inakwenda kwa jina la BMU, kwa uamuzi wa kikao, na sahihi za viongozi. Jina lako lisisimame peke yake. Ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri kupitia idara inayosimamia uvuvi, nakala NEMC kanda, nakala Bodi ya Bonde. Kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na ile yenu mkaihifadhi kwa mtu asiyekaa mwaloni.

Kaka yako usimwombe ushahidi. Yeye ana watoto wa kulisha na ushahidi wenu mnao kwenye simu. Mwambie tu, siku ile barua itakapokuwa imeshapokelewa, ili asilisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa bosi wake.